Bastola ya .22 kwa mazoezi ya shabaha: naanza na gasheti, sauti inafuata

Mtu akiniomba nimwangalizie bastola ya .22 kabla hajailipia, mimi huomba kwanza chupa ya maji ya lita moja. Natoa shajeri (kasha la risasi), navuta nyuma komeo (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), naingiza ncha ya kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, nihakikishe hamna kitu, kisha natia humo ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa na kufunga. Nafunga waya wenye ndoano shingoni mwa chupa, ndoano naipachika kwenye gasheti (kile kifyatulio kinachovutwa na kidole), mtutu nauelekeza juu penye usalama, halafu nainua bastola taratibu hadi chupa iache meza.

Chupa ikining'inia na gasheti isiachie, imebeba kilo moja na uzito kidogo wa plastiki. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, zinadai gramu 1000 angalau kwa bastola ya mita 25. Hapo naongeza chupa ya nusu lita. Ikiachia ghafla, kama kijiti kikavu kinavyovunjika, nimeshaipenda. Ikibeba lita tatu huku gasheti inajiburuta kama droo iliyovimba wakati wa mvua, namrudishia mwenyewe. Bastola nyingi za shabaha zina uzito wa karibu kilo moja. Kidole kikilazimika kuvuta mara tatu ya uzito huo, si gasheti peke yake itakayosogea, bastola nzima itasogea.

Nafundisha kulenga shabaha hapa Lubumbashi na natengeneza silaha za watu wenye vibali. Asiye na kibali simshiki mkono: Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo iliyoweka utaratibu wa silaha na risasi nchini, na karatasi hutangulia silaha.

Mimi mwenyewe nilianzia pabaya. Nilifunzwa kwa bastola ya 9 mm, na mwaka mzima risasi zangu zilitua chini kushoto. Nilidhani kilengeo kimepinda. Kumbe mkono wangu wa kulia ulikuwa umejifunza kuogopa mshindo: sekunde ile ya kuvuta gasheti, kiganja kinabana na kifundo kinasukuma mbele kabla risasi haijatoka. Kosa hilo halionekani, kwa sababu teke la bastola linalifunika. Nililitoa baada ya miezi mingi ya .22. Ndiyo maana sasa hakuna mwanafunzi wangu anayeshika 9 mm kwanza, hata akiwa mwanaume mwenye mabega ya kubeba magunia ya makaa.

Risasi ya .22 Long Rifle ni ya mwaka 1887, lakini wazo lake ni la Mfaransa Louis-Nicolas Flobert, aliyetengeneza mwaka 1845 risasi ndogo yenye kiwashio ndani ya kitako chake. Katika .22, kiwashio kimesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hupiga ukingo huo ukabonyea. Mambo mawili ya kila siku yanatokana na hapo. Kwanza, ganda lililokwisha kupigwa halijazwi tena. Pili, ukifyatua bila kitu ndani, pini ya bastola nyingi inaweza kugonga ukingo wa chemba, chuma kwa chuma, na kuutoboa kidonda kidogo ambacho baadaye hung'ang'ania ganda. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu kufyatua bila risasi, kwa hiyo soma kitabu chake. Mimi hutia ganda tupu, na kila mara naligeuza kidogo ili pini ikute ukingo mzima.

Kuna mama mmoja, mwanafunzi wangu, alikuja akiamini hana woga. Nikamjazia shajeri mwenyewe, risasi saba nzima na tatu za bandia za mazoezi katikati, bila kumwambia mpangilio. Risasi ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Ya tatu ilikuwa ya bandia: tukasikia «tik», na mtutu ukainama upana wa vidole viwili. Akaniangalia.

«Mwalimu, nani kasukuma?»

«Ni wewe, mama.»

Akanyamaza, akarudisha bastola kwenye shabaha. Kwa wiki tatu hatukufanya zoezi lingine. Siku mtutu ulipobaki palepale kwenye «tik», kilengeo cha mbele kimetulia kama kimechorwa, alishusha bastola mezani na kufuta jasho la mikono kwenye kitenge. Zoezi hilo linahitaji risasi nyingi na mkono usiochoka, na ni .22 tu inayolimudu bila kumaliza mshahara wa mtu.

Baada ya gasheti natazama mtutu na vilengeo. Natafuta mtutu ulioshikamana na mwili, na vilengeo vilivyokaa juu ya kitu kisichotembea. Bastola ya kwanza ya Ruger, kampuni ya Marekani, ya mwaka 1949, ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza: komeo la duara linakwenda na kurudi ndani ya bomba, na bomba lenyewe, lenye kilengeo cha nyuma, halitikisiki. Toleo la Mark II lilikuja 1982, na Mark IV mwaka 2016. Browning Buck Mark, iliyotoka 1985, na Smith & Wesson Victory nazo ni za kuaminika kwa njia zao. Wazee wa hapa waliozoea jina la FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, huniuliza kuhusu Browning Challenger zilizotengenezwa huko Herstal miaka ya 1960. Ukiipata nzima, yenye shajeri mbili, ni bastola ya kukaa nayo maisha yote. Tatizo ni vipuri.

Zile .22 zinazofanana kabisa na bastola za vita, zenye gamba la juu jepesi linaloteleza, sizipendi kwa anayeanza. Kwa mtu aliye na 9 mm ya umbo hilohilo kazini, zina maana. Kwa mwingine, anajipunguzia usahihi kwa ajili ya sura. Na bastola za mashindano halisi, kama Pardini SP au Walther GSP ambayo shajeri yake hukaa mbele ya gasheti, ni mashine tamu, lakini bei yake na mpini wake uliochongwa kwa mkono wa mtu mmoja havifai darasa. Mkono wa mama yule si mkono wa fundi wa mgodini.

Usafi nao. Risasi ya .22 ni chafu: kichwa cha madini laini ya risasi, mafuta au nta juu yake, baruti isiyoungua yote. Ongeza vumbi jekundu letu la mwezi wa nane na komeo linaanza kukokota baada ya risasi mia chache. Mark II na Mark III zilikuwa maarufu kwa kuwasumbua watu kuzirudisha baada ya kuzifungua. Mark IV ina kitufe kimoja nyuma, ukikibonyeza bastola inakunjuka mara moja. Ukinunua Mark IV ya mkononi, kumbuka kwamba zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017 ziliitwa zirudi kiwandani: kiwiko cha usalama kikikaa katikati, kati ya kufungwa na kufunguliwa, na gasheti ikavutwa bila bastola kulia, risasi iliweza kutoka baadaye pale mtu alipokisogeza kwenye kufunguliwa. Uliza kama ilirekebishwa, na usikubali jibu la mabega.

Sasa sauti. Vijana hunijia na swali la silansie, yaani kizuia sauti, wakidhani ni kitu cha sinema. Aliyekipatia hataza mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani, mtoto wa yule Maxim wa bunduki ya rashasha. Kazi yake ni kazi ya eshapema (bomba la moshi) ya gari: hewa yenye moto na shinikizo inapitishwa kwenye vyumba kadhaa ipoe na kupungua kasi kabla ya kutoka nje. Nchini Norway na Ufini wawindaji wanavitumia kama kawaida. Mimi nimepiga navyo Afrika Kusini, kwenye uwanja wa mazoezi, na nilichojifunza huko ni kwamba kazi kubwa ya ukimya inafanywa na risasi.

Mlio una sehemu tatu: mshindo wa hewa mdomoni mwa mtutu, kelele ya chuma ya komeo, na kama kichwa cha risasi kinakwenda haraka kuliko sauti, mpasuko wake angani. Kizuia sauti kinashughulikia ule wa kwanza tu. Risasi ya .22 ya mwendo wa kawaida, gramu 2.6, hutoka kwenye bunduki ndefu kwa takriban mita 326 kwa sekunde. Ile ya mwendo mkali huandikwa karibu 376. Kwenye mtutu wa bastola wa sentimita 14 zote hupungua, na ile kali mara nyingi huangukia karibu kabisa na mpaka wa sauti.

Na mpaka wenyewe haukai mahali pamoja. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Lubumbashi, nyuzi 8, sauti inasafiri mita 336 hivi kwa sekunde. Mchana wa mwezi wa kumi, nyuzi 33, inafika 351. Watu husema ni kwa sababu tuko juu, mita 1200 na zaidi, lakini mwinuko hauna neno hapa, ni joto. Asubuhi moja ya baridi nilisikia boksi moja likitoa milio miwili tofauti: risasi hii inasema «paf», inayofuata inapasua «kra!». Hakuna kilichoharibika. Zilikuwa zinacheza juu na chini ya mpaka.

Kwa hiyo nunua ile ya mwendo wa kawaida. Iko chini ya mpaka majira yote, na bado ina nguvu ya kurudisha komeo. Zile za polepole zaidi zinazouzwa kwa ajili ya ukimya mara nyingi haziwezi kulisukuma komeo hadi mwisho, na ganda linabanwa mlangoni.

Atakayetumia kizuia sauti mahali sheria inaporuhusu, mtutu usiotembea unamsaidia tena, kwani bastola nyingi za 9 mm zenye mtutu unaoinama huhitaji kifaa cha ziada ili zijipakie. Achague kizuia sauti kinachofunguka, maana .22 hukijaza madini ya risasi yaliyoyeyuka. Na avae miwani: hewa inayozuiliwa mbele hurudi nyuma kupitia chemba, na masizi yanamrukia usoni.

Kwetu tunapiga bila silansie. Uwanja wetu ni kichuguu kikubwa kwenye shamba la mtu, nje ya mji, na kijiji kinajua siku na saa zetu. Nataka watusikie. Bastola ya .22 inapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio wa ghafla huanza kuumiza sikio moja kwa moja, kwa hiyo kila mtu anavaa vizibo vya masikio na kaski ya masikio juu yake, hata mwenye shamba akija kutazama. Risasi hii ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Na kichuguu cha kiangazi kina ngozi ngumu kama tofali, risasi inaweza kuruka kando, kwa hiyo kila mwezi wa tano tunakichimba uso kwa jembe na kumwaga mchanga mbele yake.

Mama yule alinunua mwaka uliofuata. Aliletewa bastola tatu kuchagua, nami nikakaa pembeni. Alitoa shajeri, akatia kidole kwenye chemba, kisha akafungua mkoba wake na kutoa waya, ndoano, na chupa ya lita moja.