Taa ya gari ikiingia ukungu, weka gundi ya silikoni kando kwanza

"Fundi, nizungushie silikoni taa nzima, hewa isipate pa kupita." Kila mvua zikianza, ombi ni hilo hilo. Wengine huja wameshajizungushia wenyewe, wanachotaka ni kuelezwa kwa nini ukungu umezidi. Basi leo tulimalize.

Taa ya mbele haikuundwa izibwe hewa. Ichomoe uitazame kwa nyuma: utakuta vijitundu vya kupumulia. Vingine vimevalishwa kijibomba cha mpira kilichopinda kuelekea chini, vingine vimefunikwa na kiraka cha utando unaopitisha hewa na mvuke lakini unakataa maji. Vimewekwa makusudi. Balbu ya halojeni ya dimu (mwanga wa kumulika karibu) ni ya wati 55 hivi, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65, inadai nafasi zaidi kwa asilimia kama 13. Lazima itoke. Ukizima taa, inasinyaa, na nyingine lazima iingie.

Sasa wewe umeziba vijitundu. Taa itavuta hewa popote palipo dhaifu: mshono wa kioo, holda ya balbu, au ile silikoni yako iliyoachia upande mmoja bila wewe kuona. Na kama wakati huo mshono umelowa, haivuti hewa, inavuta maji. Yakishaingia hayana pa kutokea, maana njia umeifunga mwenyewe.

Halafu hiyo silikoni yenyewe. Ile inayonuka siki inatoa mvuke wa asidi wakati inakauka, na mvuke huo ukijifungia ndani unakula pini za balbu na rifleta, ile sehemu ya ndani inayorudisha mwanga mbele. Kile king'aacho ndani ya rifleta ni tabaka jembamba mno la alumini. Ukilipangusa tu kwa kitambaa, linaondoka nacho. Likishababuka, mwanga umepotea, na hapo tunazungumzia kununua taa nyingine. Kama ni kweli mshono umeachia, kazi yake ni kufungua kioo, kutoa gundi ya zamani yote na kubandika upya kwa butili, gundi ya mpira inayonata. Kupaka juu juu si matengenezo.

Najua swali linalofuata: "Sasa haya maji yametoka wapi kama haivuji?" Yametoka kwenye hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba hadi gramu 23 hivi za mvuke. Kwenye nyuzi 15 haibebi hata 13. Chukua taa yenye nafasi ya lita 10. Ikipoa usiku kutoka 25 hadi 15, kinachoachwa ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Hayo ni matone mawili ya maji! Yakitandazwa upande wa ndani wa kioo, mtu anadhani taa imezama. Washa dimu, endesha, na kwa kawaida ndani ya nusu saa hadi saa moja kioo kinakuwa safi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokupa kipimo. Ukiona matone manene yanateremka, au maji yanacheza chini ya taa ukikata kona, hayo hayakutoka kwenye hewa ya kawaida. Yameingia. Dalili nyingine ni taa moja kuwa na ukungu kila asubuhi na mwenzake mkavu.

Na hata hapo, kabla hujagusa mshono, peleka mkono nyuma ya taa. Hili nalirudia hadi wateja wananichoka: angalia mfuniko wa nyuma. Mara nyingi mtu amebadilisha balbu gizani, akaurudisha nusu, au akauacha kabisa kwa kuwa ulikuwa mgumu. Ule wa mpira wa balbu za aina ya H4 mara nyingi una maandishi ya TOP. Yakae juu, na mdomo wa mpira ubane pini tatu za balbu pande zote bila kujikunja. Ukiwa umepasuka, nunua mwingine. Ni kitu kidogo kuliko gharama zote unazoziwaza.

Mengine ninayoulizwa nayapitia haraka.

Kutoboa tundu chini ili maji yatoke. Yatatoka, ndiyo, na vumbi, wadudu na maji ya tope yanayorushwa na tairi yataingia.

Mchele au vipakiti vya silika jeli. Mchele uache jikoni. Silika jeli inanyonya kweli, theluthi hivi ya uzito wake, kisha imeshiba. Inakausha taa ambayo tatizo lake limeshatibiwa; inayovuja haiwezi. Na usiiache ndani ikigusana na balbu.

Kukausha kwa hita ya gereji, ile ya kupuliza hewa ya moto. Kioo hicho ni plastiki ya polikaboneti, inayoanza kulainika kwenye nyuzi 147 hivi, na hita zile zinapita 500. Fungua mfuniko, puliza kwa draya ya nywele kwenye joto la chini, uwe na subira.

"Nitaweka LED, ukungu utaisha." Kinyume chake. Joto la LED liko nyuma, kwenye chuma cha kupozea, kwa hiyo kioo kinabaki baridi na ukungu unakawia kukauka. Zaidi ya hapo, LED nyingi za kuweka mahali pa balbu ya kawaida zina feni ndefu inayozuia mfuniko kufunga, watu wanaukata. Tumerudi pale pale kwenye mfuniko.

Kioo kuwa na manjano na ukungu usiotoka. Pitisha kucha kwa nje: ukihisi mkwaruzo, huo si unyevu, ni plastiki iliyochomwa na jua. Inapigwa msasa wa maji, inapolishiwa, kisha inapuliziwa rangi angavu ya kinga. Ukiruka hiyo ya mwisho, manjano yanarudi.