Red Cliff ina stori, ila wewe umeangalia iliyokatwa

Juzi tena. Jamaa kaniandikia eti Red Cliff, ile muvi ya vita vya kale vya China ya John Woo, "ni vita tu, stori hamna". Nikamuuliza umeangalia ipi, akanijibu kwani ziko ngapi? Basi, nikajua.

Ziko mbili jamani, ya 2008 na mwendelezo wake wa 2009, jumla karibu saa tano. Za kupeleka Ulaya na Marekani wakazibana zikawa muvi moja ya saa mbili na nusu hivi. Mimi naediti, nakata harusi na tamthilia kila wiki, kwa hiyo sina ugomvi na mkasi. Shida yangu ni ulipopita.

Chukua sini ya mishale. Zhuge Liang, mpanga mikakati, anapeleka mashua zimejaa nyasi kavu kwenye ukungu, jeshi la adui yao Cao Cao linazimiminia mishale, jamaa anarudi nayo laki nzima. Kwenye fupi unasema aah huyu mjanja, unaendelea na bisi zako. Kwenye ndefu ameshaweka kichwa rehani, siku 3, laki isipotimia anakatwa, na Zhou Yu, kamanda wa upande wake, naye kaweka chake kwa kuwamaliza makamanda wawili wa majini wa Cao Cao, sasa hapo kila mshale unaochoma nyasi unauhesabu mwenyewe. Mashua zilezile, ukungu uleule, ila fupi imekunyima sababu ya kuogopa. Huko sio kubana, ni kutoa utumbo.

Mapigano siyagusi sana, yako vizuri. Ile ya ngao zilizopangwa kama gamba la kobe nimeirudia mara nyingi, maana vumbi lote lile na bado unajua nani yuko wapi.

Lakini hata ndefu ina mafuta. Njiwa anavuka mto weee mpaka unasahau katumwa na nani. Na mwisho wananiudhi: kihistoria Cao Cao alitoroka, sawa, si mngemtorosha tu? Wanamuweka chini ya panga halafu eti nenda nyumbani.

Na nikiri, ningepewa mimi hizo saa mbili na nusu sijui ningetoa nini. Labda ningeanza na Sun Shangxiang, binti wa upande wa kina Zhou Yu, kujivika kiume akapeleleze kambi ya adui, ramani yake ingepatikana kwa sini moja. Ila yule askari bwege aliyefanya naye urafiki kule, ndiye maiti pekee wa vita ile nzima aliyenitoa machozi.