Je, wajua kwa nini taa ya sensa humaliza betri haraka kipupwe kikiingia Mbeya?

Chukua taa mbili za ulinzi za aina moja, zile zisizo na waya ambazo huwaka mtu akipita. Moja ifunge Kyela, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, nyingine ifunge Uyole, zaidi ya mita 1,700. Zitie betri za pakiti moja. Julai haitaisha kabla ya ile ya Uyole kudai betri nyingine, na ya Kyela bado inadunda. Mwenye duka atalaumiwa kwa kuuza feki, na kuna siku lawama hiyo humstahili, lakini mara nyingi mhusika ni baridi. Nayo hubana pande mbili kwa mpigo: inaifanya sensa ione zaidi, huku ikiifanya betri itoe kidogo.

Tuanze na sensa, maana ndiyo isiyoeleweka. Kile kioo cheupe cha plastiki kilichotuna mbele ya taa hakifuatilii mwendo, kinafuatilia joto. Kila chenye joto hutoa miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni, na mwili wa binadamu huitoa kwa wingi zaidi kwenye mawimbi yenye urefu wa mikroni 9 hadi 10 hivi. Nyuma ya kioo kuna kipande kidogo chenye sehemu mbili zinazopokea miale hiyo. Kioo chenyewe kimekatwa vipande vipande ili kuugawa uwanja katika kanda nyembamba zinazotawanyika kama vidole vya kiganja. Mtu akikatiza, joto lake linaingia ukanda huu na kutokea ule, sehemu moja inalipokea kabla ya mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa. Kwa hiyo anayekatiza mbele ya sensa hunaswa upesi kuliko anayeijia moja kwa moja, jambo ambalo ni heri wezi wasilisome.

Sasa fikiria usiku wa Kyela. Ukuta, ardhi na hewa vina nyuzi ishirini na kitu, ngozi ya uso wa mtu ina thelathini na kitu. Tofauti ni ndogo, hivyo mtu inabidi asogee karibu ndipo sensa ishtuke. Usiku wa Juni au Julai Mbeya mjini joto hushuka chini ya nyuzi 10 bila taabu, na ukipanda Njombe au Makete unakutana na sakitu kwenye majani asubuhi. Katika baridi hiyo kila kiumbe chenye damu moto kinang'aa machoni pa sensa. Mbwa wa jirani ambaye Kyela asingeonekana akiwa mita nane, Uyole anaonekana vizuri tu. Paka naye hivyo hivyo, na bodaboda iliyotoka kupanda mlima, injini inachemka, inapita nje ya uzio na bado inawasha taa ya ndani.

Hata migomba inahusika. Usiku mkavu usio na mawingu, jani hupoa haraka mno, lakini ukuta wa tofali za kuchoma nyuma yake umehifadhi jua la mchana kutwa. Upepo ukivuma, jani baridi linapita mbele ya ukuta wa moto, na kwa sensa hiyo ni tofauti ya joto inayosogea, basi. Walioko Makambako, ambako upepo haubembelezwi, wakague miti yao kabla ya kukagua betri. Moshi na hewa ya moto kutoka jikoni navyo hufanya hivyo hivyo kama taa imefungwa karibu na dirisha la jiko.

Kwani kuwaka mara nyingi kuna gharama gani? Tupige hesabu. Tuseme taa ina betri nne za alkalini za saizi ya AA, zimepangwa mfululizo, uwezo wake karibu mAh 2,000 (miliampea-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Sensa ikiwa inasubiri tu, huvuta kama miliampea 0.05, yaani mAh 1.2 kwa siku. Kwa kasi hiyo betri zingefika zaidi ya miaka minne. Lakini taa ikiwaka inavuta, tuseme, miliampea 300. Kuwaka kwa sekunde 30 kunakula mAh 2.5, kwa hiyo una mawasho 800 tu mfukoni. Ikiwaka mara 10 kwa usiku, utakaa siku 80. Ikiwaka mara 60, siku 13. Na fundi akiwa ameacha kitufe cha TIME kwenye dakika mbili badala ya nusu dakika, mara hizo 60 zinamaliza betri usiku wa nne. Taa nyingi pia huanza kuhesabu upya kila zikihisi kitu, kwa hiyo mgomba mmoja unaoyumba unaweza kuifanya taa isizime kabisa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujatoa hata shilingi. Punguza TIME hadi chini kabisa. Punguza SENS, kitufe cha wepesi wa sensa kuhisi, wakati wa kipupwe, uirudishe juu joto likirudi. Inamisha taa itazame njia ya kuingilia badala ya barabara, kisha bandika tepu nyeusi ya umeme kwenye upande wa kioo unaotazama kwa jirani.

Upande wa pili ni betri yenyewe. Wengi wetu tulikua tukiona mawe ya redio yakianikwa juani, na kweli redio ilikuwa ikiongea tena kwa muda. Jua halikuyachaji. Ndani ya betri umeme hutokana na kemikali, na kemikali zikipoa hufanya kazi polepole. Zikipata joto huchangamka na kutoa mabaki yaliyokuwa yamekwama. Taa yako inapitia hayo kinyume: alfajiri ya baridi volti zinashuka pindi inapotaka kuwaka, inajiona haina betri, inazima, saa sita mchana ukiijaribu inawaka. Betri ya alkalini kwenye nyuzi sifuri inaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake ikivutwa kwa nguvu. Zile za bei rahisi za zinki na kaboni zina hali mbaya zaidi, na hata penye joto uwezo wake ni mdogo kuliko wa alkalini. Za lithiamu za volti 1.5, zisizochajiwa, ndizo zinazostahimili baridi, ila bei yake itakufanya ufikirie mara mbili. Usichanganye mpya na kuukuu: kuukuu itaisha mapema, mpya ziendelee kuisukuma, na mwisho itavuja.

Ukitaka kujua kama tatizo ni mawasho au ni taa yenyewe, weka betri mpya, ziba kioo kizima kwa kipande cha boksi, uiache hivyo kwa wiki mbili. Usitumie nailoni nyepesi, hata iwe nyeusi, kwa sababu infraredi hupenya humo. Kioo chenyewe cha sensa kimetengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo hiyo. Betri zikibaki na nguvu, waliokuwa wakizila ni mbwa, bodaboda na migomba. Zikiisha taa ikiwa imezibwa, fungua kasha utafute unyevu na kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri. Ukungu wa Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, hauhitaji tundu kubwa kuingia. Taa inayoongea na simu kwa Wi-Fi ina ulaji wa ziada: mawimbi yakiwa hafifu, hutuma ujumbe tena na tena.

Taa ya sola ina kesi yake. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Paneli iliyofungwa chini ya upenu wa ukuta unaotazama kusini inashinda kivulini msimu wote wa baridi, tena wakati ambao sensa ina kazi nyingi kuliko kawaida. Igeuze itazame kaskazini, imelala kidogo tu, uifute vumbi. Ukifika wakati wa kubadilisha betri ya ndani, soma maandishi ya ile ya zamani: kama ni ya volti 3.2 usiweke ya 3.7, kwa kuwa huchajiwa kwa viwango tofauti. Na seli ya 18650 (saizi ya betri ya lithiamu ya kuchajiwa) iliyoandikwa mAh 9,900 iache dukani. Zilizo nzuri za saizi hiyo huwa na kama 3,500.