"Dawa imemkataa"? Subiri kidogo

Hapa Kigoma, Ujiji hadi Mwanga, mtu akianza dawa za sonona akapata kichefuchefu au akakosa usingizi, jirani husema: "Dawa imemkataa, aache." Mara nyingi sivyo. Fluoxetine, kwa mfano, hugusa serotonini (kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwenye neva) tangu siku za mwanzo, na serotonini nyingi mwilini imo utumboni, si kichwani. Ndiyo maana tumbo hulalamika kwanza, ilhali nafuu ya moyo huchukua wiki kadhaa. Maudhi hayo kwa wengi hupungua ndani ya wiki 2. Kumeza baada ya ugali na dagaa (wetu, bila shaka) husaidia. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu kipya. Ila mawazo ya kujiua, au wahaka usiotulia, hayasubiri: hospitali leo hii.