Kurudisha funguo benki hakufuti deni la nyumba

"Nimewarudishia funguo. Nyumba ni yao sasa, na deni ni lao." Nimeyasikia tena maneno haya wiki hii, na safari hii nimeamua kuyajibu kwa maandishi.

Kuhama nyumba ya mkopo ukaenda kupanga kabla ya kuomba mahakama ikutangaze umefilisika si kosa. Mara nyingi mimi mwenyewe ndiye ninayeshauri hivyo. Kinachoniudhi ni watu kuhama kimyakimya, wakidhani mlango ukifungwa na deni limefungwa.

Sheria ya Kenya iko wazi. Ulipochukua mkopo ulifanya mambo mawili: uliweka nyumba dhamana, na uliahidi kulipa wewe mwenyewe. Kurudisha funguo hakugusi hata moja kati ya hayo. Mpaka nyumba iuzwe, hati ina jina lako, riba inapanda, na ada za kaunti ni zako. Mteja wangu mmoja aliacha funguo katika bahasha kwenye kaunta ya benki, akahamia vyumba viwili vya kupanga. Miezi michache baadaye akaletewa bili ya askari, takataka na pampu ya maji ya mtaa aliokwisha kuuaga. Kule nyumbani masinki yalikuwa yameng'olewa, na mthamini aliyafuta kwenye hesabu yake.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Tuseme unadaiwa milioni 9. Ukiuza mwenyewe, nyumba ikiwa safi na ina watu, ukapata milioni 7.8, unabaki na deni la milioni 1.2. Dalali akiuza nyumba iliyotelekezwa kwa milioni 6.5, unabaki na milioni 2.5, na gharama za mnada juu yake. Ni kweli benki inawajibika kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi unaweza kuipinga mahakamani. Lakini thamani inayopimwa ni ya nyumba jinsi ilivyo siku hiyo, pamoja na masinki yaliyokosekana.

Kinachobaki baada ya mauzo ni deni lisilo na dhamana, na hilo ndilo linaloingia kwenye ufilisi. Ukubwa wake unaamua mengi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali: madeni yako yote yakiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, huna mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na hujawahi kufilisika, unaweza kuuomba, na kwa kawaida unaachiliwa na madeni hayo baada ya miezi 12. Ufilisi kamili unakushika miaka 3 tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni yako. Wapo walioweza kupita njia fupi, wakaikosa kwa sababu waliiachia nyumba iuzwe kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo nawasihi, mwandikieni meneja wa mikopo kabla ya kuita lori la kuhama. Omba ruhusa ya kuuza mwenyewe, uipate kwa maandishi, na mwenzi wako wa ndoa atie saini, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake. Hama mnunuzi akishapatikana.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia, nayajibu hapa. "Nikikosa kulipa mwezi mmoja natupwa nje." Hapana. Kuna notisi ya miezi 3, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali naye anatoa siku 45. Tumia muda huo kutafuta nyumba ya kupanga wakati hati yako ya mshahara bado inasomeka vizuri, na weka akiba ya depositi.

"Riba itakula mpaka wajukuu." Tangu 2007 benki hairuhusiwi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipwi tena. Dai taarifa kamili ya akaunti uihesabu, maana wengi hulipa bila kuangalia.

"Nitamwandikisha shemeji nyumba." Huwezi kuihamisha bila ridhaa ya benki. Na hata shamba au gari lisilo na deni, ukimpa ndugu kwa bei ya bure kisha ukafilisika, msimamizi wa mali yako anaweza kuomba zawadi hiyo ibatilishwe. Kuficha mali pia kunakunyima ule utaratibu wa miezi 12.

"Nimlipe kaka kwanza, benki wasubiri." Ukimpendelea mdai mmoja huku ukijua huwezi kuwalipa wote, malipo hayo yanaweza kudaiwa kutoka kwa kaka. Mwambie leo asubiri pamoja na wengine, kabla hajazitumia pesa ambazo huenda akatakiwa kuzirudisha.