Video, Simu na Ulimi wa Mwanafunzi: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Niko wiki ya saba ya mazoezi ya kufundisha, katika shule moja viungani mwa Kisumu. Nafundisha Kiswahili gredi ya nane. Imani kadhaa kuhusu vyombo vipya vya habari nilikuja nazo kutoka chuoni, nyingine nimezikuta chumba cha walimu.

Dhana: Mwanafunzi akiifurahia video, ameelewa

Hii ndiyo iliyonipotosha zaidi. Nilipata video nzuri ya dakika 8 kuhusu ngeli ya KI-VI, nikaazima projekta, tukaziba madirisha kwa magunia. Walicheka, wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" Siku tatu baadaye nikawaambia wafunge madaftari, kila mmoja aandike sentensi tano. Karatasi ya kwanza: "Kitabu changu imepotea." Ya pili: "Viatu zangu zimechafuka." Makosa yale yale ambayo video ilikuwa imeyaonya.

Kukitambua kitu kinapopita mbele ya macho si sawa na kukitoa kichwani mwako. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo waliosoma vifungu vya maandishi. Baadhi walivirudia kuvisoma, wengine wakajaribu kuvikumbuka bila kuvitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliokumbuka zaidi. Siku hizi video naikata: dakika mbili, naisimamisha, wanaandika sentensi bila msaada, ndipo tunaendelea. Muda unakwisha haraka, nakiri, lakini "kimepotea" imeanza kukaa mahali pake.

Dhana: Kizazi hiki kimezaliwa na simu mkononi, teknolojia wanaijua

Wazo hili lilipata umaarufu kupitia maandishi ya Mmarekani Marc Prensky mwaka 2001. Darasani mwangu kuna watoto ambao simu ya nyumbani ni moja, ya mama, na kutwa nzima iko naye soko la Kibuye ikipokea malipo ya M-Pesa. Hata wenye uzoefu wanajua kuruka kutoka video moja hadi nyingine. Kutafuta maana ya neno na kulinganisha majibu mawili, hilo lazima wafundishwe.

Dhana: Kuna mwanafunzi wa kuona na mwanafunzi wa kusikia

Husemwa kwamba wengine hujifunza kwa kuona, wengine kwa kusikia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Harold Pashler, na wenzake walipitia tafiti za jambo hili mwaka 2008, wasipate ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo. Neno jipya huhitaji kusikika, kuandikwa na kutumiwa, na mtoto yeyote yule.

Dhana: Ujumbe wa mkato unaua tahajia

Utafiti wa Beverly Plester na Clare Wood, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009, uliwaangalia watoto wa miaka 10 hadi 12. Waliotumia vifupisho kwa wingi walielekea kusoma maneno vizuri, si vibaya. Hicho ni Kiingereza, nami siwezi kukihamishia Kiswahili hivi hivi. Lakini anayeandika "cjui" amesikia silabi "si" na kuitafutia njia fupi. Wanafunzi wangu nikiwaambia barua inamwendea mwalimu mkuu, wengi hubadilisha wenyewe.

Dhana: Aliyekulia Dholuo hawezi kutamka "sh" wala "z"

Dholuo, lugha yangu ya kwanza, haina sauti hizo. Ni kweli kwamba zinatusumbua. Si kweli kwamba haziwezekani, na hapa simu imenifaa kuliko projekta.

Kijana mmoja alisoma "hapo zamani" kama "hapo samani", darasa zima likacheka. Mapumzikoni nilimpa simu yangu arekodi: zamani, samani, shindano, sindano. Akasikiliza. "Mwalimu, mbona yote ni moja?" Nikarekodi zangu, tukazisikiliza zikifuatana. Kisha nikamwambia aguse koo, avute "sss", halafu "zzz". Alipohisi mtetemo chini ya vidole, macho yalimtoka.

Ijumaa alinijia kabla ya kengele, akaomba simu arekodi hadithi nzima. "Zamani" ya kwanza aliipata, ya pili pia. Ya tatu ikamponyoka. Akanyamaza, akaweka vidole kooni, akairudia sentensi kabla sijafungua mdomo.