Umekohoa wiki 2? Acha kuzunguka maduka ya dawa: maswali na majibu kuhusu TB na kinga ya mwili

Kibong'oto, kule Siha, wanatibu TB tangu 1926. Moshi na Arusha vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Bado mgonjwa anatufikia akiwa amekohoa miezi miwili. Ukimuuliza ametumia nini, anamwaga mezani bahasha ndogo za karatasi za duka la dawa, zimeandikwa 1x3, 2x2. Jina la dawa hakuna.

TB ikiingia mwilini, kinga inafanya nini?

Bakteria wa TB husafiri kwa hewa, mwenye TB ya mapafu anapokohoa au kuongea. Ukimvuta, anamezwa na makrofeji, seli za kinga zinazokula vijidudu. Vijidudu vingi huishia hapo. Huyu ana ganda la nta, na anaweza kuishi humohumo ndani ya seli iliyommeza.

Hapo makrofeji hupiga mbiu. Hutoa ujumbe wa kikemikali uitwao interleukini 12, ambao huziamsha seli T za CD4, askari wengine wa kinga. Nazo hujibu kwa ujumbe wao, interferoni gama, na makrofeji inapata nguvu ya kumuua iliyemmeza. Ujumbe mwingine, unaoitwa TNF, huita seli zaidi zije kumzungushia bakteria ukuta. Ukuta ukishika, huugui, hukohoi, humwambukizi mtu. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio huja kuugua maishani. Kwa mwenye VVU hatari ni kubwa zaidi, maana VVU huziua hizohizo CD4.

Mbona nakonda na kuloa jasho usiku?

TNF na wenzake, interleukini 1 na 6, zikizidi kwenye damu huleta homa, hukata hamu ya kula na kuyeyusha misuli. Wapo wanaokuja na mkanda uliotobolewa matundu mapya kwa msumari, na bado wanasema "ni mawazo tu, dokta". Hata yale mashimo tunayoyaona kwenye eksirei ya kifua, sehemu kubwa huchimbwa na vimeng'enya vya seli zako mwenyewe zinazopigana.

Basi nitumie dawa ya kuongeza kinga?

Usitumie. Kinga yako imeshaamka, ndiyo maana unaungua homa. Tangawizi, asali na kitunguu saumu ni chakula, kula. Ile chupa ya maelfu ya shilingi uliyouziwa stendi haiui bakteria wa TB. Kapime makohozi.

Nilipewa prednisoloni dukani, nikapata nafuu. Si ina maana sina TB?

Hapana! Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za aina ya steroidi, huzima ile mbiu ya kinga niliyoieleza. Homa inashuka, kifua kinafunguka, unakula vizuri, pengine hata uso unajaa na majirani wanakusifia. Wakati huohuo ukuta unalegea na bakteria wanaongezeka. Nafuu hiyo si kupona. Daktari huweza kuziandika kwa baadhi ya wagonjwa wa TB, lakini pamoja na dawa za TB, na kwa sababu anayoijua. Muuza duka hajakupima.

Na sipro je? Hiyo si antibayotiki?

Ndiyo, na hapo ndipo panaponikera zaidi. Sipro (siprofloksasini) humpunguza bakteria wa TB kidogo bila kummaliza. Kikohozi kinatulia, unaahirisha kuja, kisha kinarudi, na bakteria anaweza kuwa ameshaizoea dawa. Nafuu ya sipro si kupona. Nasema tena: umekohoa wiki 2, kapime makohozi. Kama unaishi na VVU, usingoje hata hizo wiki 2.

Mimi nachimba Mererani. Si vumbi tu?

Vumbi la mgodini hudhoofisha makrofeji za mapafu, kwa hiyo mchimbaji anapata TB kwa urahisi kuliko wengine. "Ni vumbi" iwe sababu ya kuwahi, wewe unaifanya sababu ya kukaa! Mwenye kisukari naye asijidanganye, TB humpata kwa urahisi vilevile.

Kipimo kikoje?

Unapewa kopo, unakohoa kutoka kifuani, mate hayatufai. Mashine ya GeneXpert huchukua kama saa mbili, na huonyesha pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu mojawapo ya TB.

Nikitumia dawa mwezi mmoja nikajisikia vizuri, niache?

Usiache. TB ya kawaida ni miezi 6. Bakteria waliolala huchelewa kufa, wewe huwasikii. Mkojo kuwa rangi ya chungwa ni rifampisini, usiogope.

Watoto nyumbani wako wazima. Niwalete?

Walete. Wa chini ya miaka 5 kinga yao haijawa hodari kujenga ukuta, na TB huweza kuwapanda hadi kwenye ubongo. Asiyekohoa naye aje: akionekana hana ugonjwa, ataanzishiwa dawa za kumkinga. Kama hawezi kutoa makohozi, hilo tuachie sisi, kuna njia nyingine za kumpima.